Kazi ya Kolwezi: safari ya neno kutoka tanuri la shaba hadi shimo la kobalti

Kwenye Kiswahili cha mwambao, kazi ni shughuli yoyote inayotoa jasho au kuleta riziki. Kulima ni kazi, kuvua ni kazi, kulea ni kazi, hata kuombea wagonjwa ni kazi. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba kusini mwa Kongo, neno hilo limewekewa mipaka. Kijana aliyekesha usiku kucha ndani ya shimo, akatoka alfajiri na gunia la mawe ya kobalti mgongoni, anaweza kukuambia bila kusita kwamba hana kazi, kwamba anajitafutia tu. Mzee aliyeachishwa kazi miaka 20 iliyopita, anayekula kwa jasho la mke wake muuza mboga, atakuambia kwamba yeye alikuwa na kazi: alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali.

Hawakosei Kiswahili, wala hawatanii. Wanazungumza lugha iliyofinyangwa na historia ya shaba kwa zaidi ya miaka 100. Humo, kazi ni mapatano: mtu anatoa nguvu zake, na upande wa pili unamhakikishia nyumba, chakula, hospitali, shule ya watoto na uzee wenye heshima. Mapatano hayo yalianza kwa shuruti, yakakomaa, yakavunjika. Neno limebaki. Na kwa kuwa leo serikali, makampuni ya madini na viwanda vya betri vya dunia nzima vinawaahidi watu wa Lualaba kazi, ni lazima tujue neno hilo limepita wapi, ili tuweze kuuliza safari hii limebeba nini.

Walaji wa shaba

Shaba ya eneo hili ilichimbwa karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Makaburi ya kale yaliyofukuliwa Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale kwenye bonde la Upemba, yalikutwa na mapambo ya shaba na vile vipande vyenye umbo la msalaba vilivyotumika kama mali na baadaye kama fedha. Misalaba hiyo ilijulikana mbali kiasi kwamba Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha eneo hili, ilipojitenga mwaka 1960 iliichora mitatu kwenye bendera yake.

Uchimbaji ulikuwa na msimu. Mtama ulipokwisha kuvunwa na mvua kukatika, kijiji kilihamia karibu na kilima chenye mawe ya kijani. Wanawake na watoto waliokota mawe ya juujuu, wanaume wakachimba, mafundi wakajenga matanuri kwa udongo wa vichuguu na kuyawasha kwa makaa. Kulikuwa na dawa, miiko na wazee wenye siri ya ufundi. Shaba, ambayo lugha za huko huiita mukuba, ilikuwa chakula kwa maana pana ya neno hilo, na ndiyo maana waliosimamia shughuli hiyo walijulikana kama walaji wa shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 chini ya jina hilo, wakati matanuri yao yalikuwa yamezimwa na kumbukumbu bado ni mbichi. Mvua iliporudi, watu walirudi mashambani. Hakuna aliyeishi kwa kuchimba peke yake, na hakuna aliyeitwa mtu asiye na kazi kwa kuwa hakuchimba.

Kwenye nchi hiyo ndipo alipofika Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyefuata shaba kutoka upande wa Tabora katikati ya karne ya 19. Akajenga ufalme wa Garenganze, makao yake yakiwa Bunkeya, ndani ya jimbo la Lualaba la leo. Misafara yake ilielekea pande zote mbili za bara, Angola na pwani ya Waswahili, ikibeba shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa. Pamoja na misafara hiyo kilikuja Kiswahili. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanajua tayari kupatana bei ya safari na kudai posho yao ya njiani. Desturi hiyo ya mtu kuuza nguvu zake kwa muda maalumu na kulishwa na aliyemwajiri ilitangulia wakoloni katika njia za misafara. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa kumtwalia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji nchi hiyo. Mwaka uliofuata mjiolojia Jules Cornet alipita akipima miamba. Akaona utajiri usio na kifani.

Mkataba na posho

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikamiminwa mwaka 1911. Miamba ilikuwepo, mashine zilikuwepo, watu hawakuwepo. Hakuna mkulima aliyeona sababu ya kuacha shamba lake aende kufa kwa homa ya mapafu kwenye kambi ya mgodi.

Basi wakatafutwa kwa njia zote. Kodi ya kichwa ikatozwa kwa fedha, na fedha ikawa haipatikani ila kwa mzungu. Machifu wakatakiwa watoe vijana. Shirika la kuajiri lililoitwa Bourse du Travail du Katanga likaanzishwa mwaka 1910, na mawakala wake wakazunguka vijijini. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye kutoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Jambo moja linaonyesha uzito wa enzi hiyo: Kinyarwanda kiliazima neno letu, likawa akazi, na chini ya Wabelgiji likashika maana ya kazi ya shuruti, ile ya barabara na mitaro ambayo mtu aliifanya kwa kuogopa kiboko. Neno ambalo kwa Mswahili lilikuwa la kawaida kabisa, huko Rwanda lilisikika kama amri.

Miaka ya 1920 kampuni iligundua kwamba mtu wa mkataba wa miezi michache ana gharama kubwa. Anafika amedhoofu, anajifunza taratibu, anakufa au anatoroka, na mwingine anatafutwa. Kuanzia karibu mwaka 1928 ikabadili mwendo. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akatakiwa aje na mke, na kambi zikajengwa upya kwa matofali. Posho ikagawiwa kwa kila mtu wa nyumba: unga, nyama, mafuta, chumvi. Wakajengewa zahanati, vituo vya kuwapima watoto uzito, shule za mapadri, na majumba ya akina mama ya kufundishia kushona na kupika. Mtoto aliyezaliwa kambini alihesabiwa kama mfanyakazi wa kesho.

Huo ndio wakati ambapo neno kazi lilipata mwili mpya. Mwenye kazi alikuwa na namba, nyumba na sahani iliyojaa. Aliyefukuzwa alipoteza vyote kwa siku moja, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kampuni na posho ilikuwa ya kampuni. Mkuu wa kambi aliingia ndani kukagua usafi, aliamua mgeni alale siku ngapi, na alijua nani amegombana na mkewe. Ulinzi na kifungo vilikuja katika mfuko mmoja.

Wasidhani wasomaji kwamba watu waliupokea mfuko huo kimya. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei na kuongeza kasi ya uzalishaji, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira huko Lubumbashi. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao. Waliokufa siku ile walikuwa watu wenye kazi. Walidai kwamba mapatano yawe na pande mbili kweli.

Kutumika

Kolwezi yenyewe ni mtoto wa enzi hiyo. Ilipangwa mwaka 1937 kwenye uwanda wa Manika ili iwe makao ya migodi ya magharibi: Ruwe, Musonoi, Kamoto na mingine. Miaka ya 1950 mto Lualaba ukafungwa kwa mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, na mwaka 1960 kiwanda cha kusafishia shaba na kobalti cha Luilu kikaanza. Wazungu walikaa katikati ya mji, Waafrika kwenye kambi za kampuni, na saa za mji mzima zikafuata king'ora cha zamu.

Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu wa kambi hizo. Mluba wa Kasai, Mrundi, Mbemba, Msanga na Mlunda walihitaji lugha moja, na Wabelgiji nao walitaka lugha itakayowatenga na Waingereza wa Rhodesia, ambao wasimamizi wao walikuwa wakitoa amri kwa Kifanakalo, lugha ya migodi ya kusini. Kikazaliwa Kiswahili cha Katanga, chenye maneno yake na utamu wake. Mtu wa huko hasemi sana "ninafanya kazi", husema "ninatumika". Mswahili wa Mombasa au Unguja akisikia neno hilo atafikiria chombo kinachotumiwa, au mtu aliyetumwa. Kwa mtu wa Kolwezi halina udhalili wowote. Ninatumika ni kauli ya fahari: mahali fulani pananitambua, na mwisho wa mwezi nitapokea.

Fahari hiyo ilichunguzwa na wasomi mapema. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Kibelgiji aliyeandika kuhusu falsafa ya Wabantu, alifanya utume Kolwezi miaka ya 1950, na hapo likaanza vuguvugu la Jamaa miongoni mwa wachimbaji na wake zao. Waliungana kwa kufundishana umoja, upendo na uzazi kwa maana ya kiroho, wakijiita baba na mama. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1973 makala nzima kuhusu jinsi wafanyakazi hao walivyolielewa neno kazi. Kwamba msomi aliona neno moja la kila siku linastahili makala ni ushahidi wa uzito wake hapo.

Siasa zilipogeuka, mapatano hayakugeuka sana. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, ikiungwa mkono na kampuni, na Kolwezi ikawa ngome yake ya mwisho. Askari wa Umoja wa Mataifa waliingia humo Januari 1963. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Rais Mobutu aliitaifisha Union Minière, na baada ya majina ya kupita ikawa Gécamines. Katanga yenyewe ikaitwa Shaba, jina la Kiswahili, hadi mwaka 1997. Bosi alibadilika, posho ikabaki. Kwenye miaka yake ya neema Gécamines iliajiri watu zaidi ya 30,000, ikaendesha shule, hospitali, mashamba na vilabu vya mpira, na katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Hata vita vya Mei 1978, wapiganaji kutoka Angola walipoiteka Kolwezi na askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji wakaja, mamia ya watu wakifa, havikuung'oa mfumo huo.

Zama za Mobutu zilileta pia salongo, kazi ya umma ya kulazimishwa ya kufagia na kulima bila malipo. Watu wa Shaba walitofautisha bila shida. Salongo ilikuwa salongo. Kazi ilikuwa ile yenye karatasi ya mshahara.

Baba anapoondoka

Anguko lilikuja haraka kuliko yeyote alivyofikiri. Faida ya Gécamines ilikuwa imenyonywa miaka mingi kujaza hazina na mifuko ya wakubwa, mashine hazikutengenezwa, bei ya shaba ilishuka. Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, moyo wa uzalishaji, iliporomoka. Kufikia miaka ya 1993 na 1994 shaba yote ya kampuni kwa mwaka haikufika tani 50,000.

Mkate ulipopungua, ndugu waliugombania. Wanasiasa wa jimbo waliwanyooshea kidole watu wa asili ya Kasai, ambao baba zao waliletwa na kampuni yenyewe miaka 60 kabla, wakidai wamejaza nafasi zote za kazi. Mwaka 1992 Likasi na mwaka 1993 Kolwezi maelfu kwa maelfu walifukuzwa majumbani, wakarundikana kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi wakafia hapo na njiani. Watu waliozaliwa Katanga waliambiwa warudi kwao. Ni ukurasa mchungu, na unafundisha kwamba kazi inayogawiwa kama zawadi ya baba mmoja huzaa wivu wa watoto siku baba anapofilisika.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikusanya ushuhuda wa familia hizo, akakipa kitabu chake jina linalowaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Ndani ya nyumba mamlaka yaligeuka. Mume alikwenda kazini kila siku bila kupata mshahara kwa miezi na miezi, akiogopa kwamba akiacha atapoteza namba yake, na pamoja nayo nyumba na pensheni. Mke, ambaye kampuni ilimfundisha kwa miaka mingi kwamba mahali pake ni jikoni, aliamka usiku kwenda kununua unga mpakani, kulima bustani, kuuza maandazi na makaa. Yeye ndiye aliyelisha nyumba, na bado, katika msamiati wa mji, mume ndiye aliyekuwa na kazi. Dhuluma hiyo ya neno haijarekebishwa hadi leo.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa kiinua mgongo ili waondoke kwa hiari. Hiari hiyo ilitolewa kwa watu wenye njaa. Wengi walipokea kiasi walichokiona kuwa kidogo kuliko malimbikizo yao, wakalipa madeni, wakajaribu biashara ndogo, na fedha zikaisha. Wameendelea kudai kwa miaka mingi baadaye. Ukiwasikiliza, utagundua kwamba hoja yao inapita hesabu ya dola. Wanadai kutambuliwa kwamba mapatano yalivunjwa na upande ulioyaandika.

Kuchimba

Wakati akina baba walikuwa wakingoja mshahara, watoto walishika sululu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chini ya Laurent-Désiré Kabila, uchimbaji wa mkono ulifunguliwa milango Katanga, na sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 ikautambua rasmi: Mkongo mtu mzima, mwenye kadi, achimbe katika eneo lililotengwa, na shimo lisizidi kina cha mita 30. Marekebisho ya Machi 2018 yakamtaka ajiunge na ushirika. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Kwenye ardhi, sheria hiyo hiyo ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa wawekezaji wakubwa, na vilima vyenye madini karibu vyote viligawiwa kwao: Kamoto na Mutanda zilizo chini ya Glencore, Tenke Fungurume ambayo sasa ni ya CMOC ya China, Sicomines iliyotokana na mkataba wa mwaka 2008 na Wachina, na Kamoa-Kakula iliyoanza kuzalisha mwaka 2021. Maeneo yaliyobakizwa kwa wachimbaji wadogo ni machache, na mengine hayana kitu cha kuchimbwa. Mchimbaji anayetaka kula analazimika kuwa mvamizi.

Makadirio ya kawaida yanawahesabu kati ya 150,000 na 200,000 katika ukanda huu. Huitwa kwa Kifaransa creuseurs, yaani wachimbaji, na shughuli yao ina mpangilio wake kamili. Kuna mfadhili anayetoa chakula na vifaa wakati shimo bado halijafika kwenye mawe. Kuna wachimbaji wa chini, wavutaji wa kamba, wabebaji, na wanawake wanaochambua na kuosha mawe wakiwa wamesimama majini kutwa. Kuna madalali wenye pikipiki, na kuna depo kama zile za Musompo, nje ya mji, ambako mnunuzi hulielekezea gunia kifaa cha kupimia kobalti na kutaja asilimia. Mwenye kifaa ndiye anayetaja, mwenye jasho anapokea. Akilalamika kwamba kipimo ni cha chini, depo ya jirani nayo ina kifaa cha aina hiyo hiyo na mnunuzi wa aina hiyo hiyo.

Kobalti ndiyo iliyoufanya mji huu ujulikane upya duniani. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa, na sehemu kubwa yake ni ya Lualaba. Humo mna betri za simu na za magari ya umeme. Mwaka 2014 mtu wa mtaa wa Kasulo alipata mawe hayo chini ya kiwanja chake, na muda si muda mtaa mzima ukawa unachimba sebuleni, uani, chini ya barabara. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang, tanzu ya Huayou, wakazi wakahamishwa, ukuta ukajengwa, na wachimbaji wakaruhusiwa kuingia kwa masharti ya kumuuzia mnunuzi mmoja.

Vifo havijakoma. Juni 2019 kingo za mgodi wa KOV, katika eneo la Kamoto, ziliporomoka na kuwafukia makumi ya wachimbaji walioingia bila idhini. Taarifa za siku zile ziliwaita wavamizi. Ni sahihi kisheria, lakini tazama neno hilo linavyofanya: marehemu aliyeitwa mfanyakazi huacha madai, fidia na uchunguzi, marehemu aliyeitwa mvamizi huacha kilio cha mamaye peke yake.

Kazi gani inaahidiwa leo

Januari 2016 Amnesty International na shirika la Afrewatch la Lubumbashi walitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakiokota, wakiosha na kubeba mawe ya kobalti. Dunia ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Lakini mshtuko wa baadhi ya makampuni uliishia kutafuta madini yasiyoguswa na mkono wa mchimbaji mdogo, kana kwamba kumkwepa maskini ni kumkomboa. Mtoto aliyeko mgodini yuko hapo kwa sababu fedha za shule hazipo, na hazipo kwa sababu baba yake anapunjwa kwenye depo. Ukimwondolea baba soko, umemwongezea mtoto mzigo.

Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya Entreprise Générale du Cobalt, chini ya Gécamines, ipewe haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo, na utekelezaji ukawa wa kusuasua. Kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa kujaribu njia nyingine: kati ya mwaka 2018 na 2020 huko Mutoshi, karibu na Kolwezi, eneo lilizungushiwa uzio, udongo wa juu ukaondolewa kwa mashine ili watu wasichimbe mahandaki marefu, wachimbaji wakapewa vifaa vya kujikinga, na wanawake waliokuwa wakifukuzwa kwa imani kwamba wanatia mkosi wakaingia kuchimba kama wanaume. Mradi ulisimama. Ulithibitisha hata hivyo kwamba kuchimba kwa mkono kunaweza kuwa kazi yenye hadhi kukiwa na nia.

Wenye ajira katika makampuni makubwa nao hawana ile kazi ya baba zao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 na shirika la RAID la Uingereza pamoja na kituo cha msaada wa sheria cha CAJJ cha Kolwezi, uliohusu migodi mitano, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kampuni za wakala. Anavaa sare ya mgodi mkubwa, anaingia lango la mgodi mkubwa, lakini mkataba wake, kama upo, ni wa mtu wa kati, unakwisha baada ya miezi, na bima ya matibabu ni ya kubahatisha. Kwenye Kiswahili cha mwambao tunalo jina la mtu huyo: kibarua. Kolwezi anasemwa kwamba ana kazi, na jirani wanamwonea kijicho, kwa kuwa neno bado linanukia harufu ya posho ya zamani.

Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kupandisha bei iliyokuwa imeanguka, na Oktoba mwaka huo ikaleta mfumo wa mgawo. Nchi ina haki ya kulinda bei ya mali yake. Ila tujiulize mzigo wa kungoja uliangukia nani. Kampuni kubwa ilikuwa na shaba ya kuuza na akiba benki. Mchimbaji alikuwa na mawe ambayo depo haikuyataka, na hakukuwa na mtu wa kumdai mshahara, kwa kuwa kisheria na kilugha yeye hakuwa na kazi.

Afrika Mashariki yote inalitumia neno hili kama ahadi au kama agizo. TANU ilidai Uhuru na Kazi. John Magufuli alishinda urais wa Tanzania mwaka 2015 kwa kauli ya Hapa Kazi Tu. Kenya iliwahi kuwa na mpango wa Kazi kwa Vijana. Kwa Mtanzania, kazi katika kauli hizo ni wajibu wa kila mtu, jembe analolishika mwenyewe. Kwa mtu wa Lualaba ni kitu anachopewa na mwenye nguvu, na chenye upande wa pili. Maana hizi mbili zinahitajiana. Wazee wa Gécamines wanajua jambo ambalo kauli mbiu zetu husahau, kwamba jasho bila mapatano ni unyonyaji. Mafundi wa zama za mukuba walijua jambo ambalo kampuni ililifuta, kwamba mtu anayechimba, anayelima na anayelisha nyumba ana kazi hata kama hakuna aliyemwandikia namba.

Kwa hiyo anayesimama Kolwezi leo na kuahidi kazi, awe waziri, mwekezaji au mnunuzi wa betri, ana deni la kueleza yaliyomo. Mkataba ni wa nani na wa muda gani? Akiumia, nani anamtibu? Akifa, nani anaulizwa? Kipimo cha mawe kinashikwa na nani, na mchimbaji anaweza kukihakiki wapi? Maeneo ya kuchimbwa na wadogo yako wapi kwenye ramani, na yana madini au ni vumbi? Na mwanamke anayeosha mawe ataandikwa kwenye daftari la ushirika kwa jina lake, au atabaki msaidizi wa mtu? Haya yakijibiwa kwa maandishi na kwa vitendo, mchimbaji wa Kasulo na Musompo ataweza kutamka kwa haki kile ambacho jasho lake limekuwa likisema miaka yote: anatumika, na anayo kazi. Yasipojibiwa, watu wa Lualaba wana kila sababu ya kuikataa ahadi hiyo, kwa kuwa wao kuliko watu wengine wote wanakumbuka kazi iliyokamilika ilikuwa na nini ndani yake, na iliwagharimu nini.